Fundi Nimeona: Felisiani Mseti na Ng'ombe Aliyemlea

Padre, makatekista, ndugu wa ukoo, majirani wa Buhare na Nyasho, na ninyi mliotoka Bunda alfajiri kwa lori la mzee Chacha, poleni na safari na poleni na msiba. Mimi ni Silasi, kaka yake marehemu, tumbo moja. Kunichagua nisome maneno haya alinichagua mwenyewe, akiwa hai na akili zake zote. Alisema, "Kaka, wewe ukianza kuongea unapitiaga njia zote za Mara ndipo ufike. Siku hiyo pitia zote, ila usimsahau ng'ombe." Kwa hiyo katika wasifu huu yupo ng'ombe. Wanaomjua watanivumilia, na wasiomjua watamjua sasa hivi. Ng'ombe huyo aliwahi kugawa kanisa zima, na katika ugonjwa wake wote marehemu alikuwa na hofu moja tu, kwamba atatangulia kabla jambo hilo halijatengenezwa.

Felisiani Mseti alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Agosti 1955, hapa hapa Nyamarwa, upande huu wa Buhemba, ambapo siku hizi ni Wilaya ya Butiama. Alikuwa mtoto wa mwisho wa marehemu mzee Mseti na marehemu mama Matrida. Mama yetu hakumaliza wiki. Watu waliokuja kumzika walimtazama yule mtoto, vidole vyake kama njiti za kiberiti, wakashauriana pembeni kwamba kaburi lisifukiwe haraka, maana kazi itakuwa ya kurudia. Bibi yetu Wegesa aliwasikia. Alitoka jikoni akawaambia, "Fukieni lote. Huyu simtoi." Kisha akashika chombo akaenda zizini.

Zizini kulikuwa na ng'ombe aliyezaa karibuni, jina lake Nyange. Alikuwa mwekundu wa kuiva, rangi ya udongo wa machimboni baada ya mvua, na ubavuni upande wa kushoto alikuwa na doa jeupe lenye umbo la ndege: mdomo, shingo ndefu, mgongo, na mguu. Nyange ni yule ndege mweupe anayefuatana na ng'ombe malishoni. Wengine wanamwita yangeyange. Ng'ombe wa watu walikuwa na nyange mgongoni, wa kwetu alikuwa naye ndani ya ngozi. Bibi alikamua, akachemsha, akazimua kwa maji, akamnywesha mtoto kwa kijiko asubuhi na jioni, na mtoto akashika uhai. Ndiyo maana Felisiani mpaka uzeeni, ukimuuliza mama yake ni nani, alitaja wawili.

Bibi alimwachia na jambo lingine. Tangu alipojua kusimama, kila kukicha alimtoa mlangoni, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamwambia, "Watu watakufundisha kuomba. Wewe kabla hujaomba, angalia kwanza. Ukishaangalia sema: Nimeona. Hiyo ndiyo asante yako. Walikuwa wamekuachia nafasi shimoni." Neno hilo, Nimeona, mtalisikia tena mbele.

Mwaka 1961 ng'ombe wetu walichukuliwa. Katika mkoa huu maneno hayo hayahitaji maelezo. Wazee walifuata kwato mpaka mtoni, na mtoni kwato zikaisha. Baba aliwalilia wote. Felisiani, aliyekuwa na miaka sita, alimlilia mmoja. Alikaa siku nyingi akitazama nyange wakishuka malishoni, akidhani watamwongoza alipo mwenzao.

Alianza shule mwaka 1964, shule ya misheni, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Kwenye hesabu hakuwa mtu wa kujivunia, tuseme ukweli, naye yupo hapa anasikia. Lakini mwalimu wake wa darasa la tatu, mwalimu Tabitha, Mungu amrehemu, siku moja aliwaambia watoto wachore ng'ombe. Wenzake wakachora sanduku lenye miguu minne na mkia. Felisiani alichukua mkaa na udongo mwekundu wa kwenye njia, akasugua kwa mate, na mahali pa ndege akaacha karatasi nyeupe ijisemee. Mwalimu alisimama juu yake.

"Felisiani, nimesema mchore ng'ombe."

"Ndiyo huyu, mwalimu."

"Huyu ni ng'ombe wenu."

"Mwingine sijamwangalia vizuri, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Tabitha hakucheka. Alimwambia, "Basi kipindi cha hesabu uwe unatoka, ukawaangalie na wengine." Watu wa hesabu watasema hapo ndipo alipopotea. Sisi tunasema hapo ndipo alipotumwa kazi, na kazi hiyo hakuiacha mpaka mwaka huu.

Mwaka 1974 alishuka Musoma, akapokelewa na fundi Prosper wa Nyasho, ambaye wazee wa mjini wanamkumbuka kwa herufi zake zilizonyooka kama askari. Kwa Prosper alijifunza kuandika vibao vya maduka, majina ya mitumbwi, milango ya malori, kuta za shule na zahanati. Mwaka 1983 akafungua kibanda chake mwenyewe hapo hapo Nyasho. Alipata kiwanja Buhare, akajenga, na nyumba hiyo mliopita mmeiona: ukuta wa mbele una kila ndege wa ziwa letu, na wa nyuma hauna kitu, kwa sababu alisema ukuta wa nyuma ameuacha kwa jua, nalo lina kazi yake.

Kwenye kibanda kile rangi haikuitwa kwa jina la kwenye kopo. Aliziita kwa ng'ombe, kwa nyasi, kwa saa za siku. Kulikuwa na kijani cha Aprili na kijani cha Juni. Kulikuwa na nyekundu ya Nyange, ambayo aliipata kwa kuchanganya rangi ya mabati na kitu kingine ambacho Wegesa binti yake anakijua na hatakisema hata mkimbembeleza. Mteja alifika na mambo yake ya mjini.

"Fundi, sebule yangu nataka krimu."

"Maziwa ya asubuhi au ya jioni?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Ya jioni yameshinda na jua. Nenda ukaangalie kwanza, kopo nalifungua kesho."

Wengine waliondoka wamenuna. Wengi walirudi, na waliorudi walikuwa wameangalia maziwa kwa mara ya kwanza tangu waache kunyonya.

Yeye mwenyewe aliangalia kila siku. Kabla ya kufungua kibanda alikwenda kwenye mawe ya ziwani, akakaa. Alisema ziwa halina rangi yake, linaazima tu, kwa hiyo mtu anayepaka ziwa lazima aende kuuliza leo limeazima kwa nani. Siku za mapumziko alipanda mpaka mbugani upande wa Bunda kuangalia mvua ikija kwa mbali, akarudi amelowa na amefurahi. Kuna hoteli moja ya samaki walimwagiza awachoree sangara mkubwa ukutani. Akamchora, mnene, anang'aa, mwenye hoteli akashukuru. Asubuhi wakakuta chini ya sangara amejaza furu wadogo, wa bluu, wa njano, wa tumbo jekundu, aina ambazo vijana hawajawahi kuziona. Mwenye hoteli akauliza hawa nani kawaagiza. Akajibu, "Huyo mkubwa tunamla. Hawa tumeshawamaliza. Waache wabaki hata ukutani, tuwashukuru."

Mafundi wengine chini ya kazi waliandika jina na namba ya simu. Yeye aliandika NIMEONA. Ndivyo alivyotia sahihi tangu kibao cha kwanza, na Nyasho nzima ikamwita Fundi Nimeona. Mgeni mmoja aliwahi kuzunguka mtaa mzima akiulizia ofisi za kampuni ya Nimeona, na watoto wakamleta kibandani wakiimba.

Mwaka 1978 alikwenda Bunda kuandika kibao cha mashine ya kusaga. Akachora na mahindi. Kwenye foleni alikuwepo msichana na debe lake, anaitwa Dorkas, na mdomo wake mnaujua.

"Fundi, hiyo mahindi ni ya wapi?"

"Ya kwenu, dada. Si niko Bunda?"

"Ya kwetu inaotaga nywele. Hii umeinyoa, unaipeleka jeshini?"

Foleni nzima ikacheka, na marehemu akashuka kwenye ngazi. Mtu mwingine angekasirika. Yeye akamuuliza shamba liko wapi. Kesho yake walikwenda, pamoja na kaka zake Dorkas kwa sababu hawakuwa wajinga, na Felisiani alikaa mbele ya hindi moja mpaka kaka mmoja akalala. Akarudi akaweka nywele zote, pamoja na ile rangi ya shaba inayotokea zikianza kukauka. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 12 Januari 1980, na tangu siku hiyo hakuna kazi iliyotoka kibandani kabla mama Wegesa hajaipitisha. Marehemu alisemaga yeye ana macho mawili na mke ana manne. Mungu aliwajalia watoto watatu: Wegesa, aliyepewa jina la bibi, Boniphace na Happyness.

Sasa nifike kwa ng'ombe, kabla hajanifokea kutoka ndani ya jeneza.

Mwaka 1998 aliombwa kupaka ukuta wa altare katika kigango kimoja kando ya barabara ya Bunda. Alifanya kazi hiyo miezi, kwa moyo wote, akasema ni asante yake kwa Mungu ya kutofukiwa na mama yake. Akachora kuzaliwa kwa Bwana. Zizi lilikuwa zizi la kwetu, mawe yalikuwa mawe ya Musoma, wachungaji walivaa makoti ya mvua, na nyuma ya hori akamweka Nyange, anapumua juu ya mtoto, ubavu wa kushoto mbele, ndege wake mweupe wazi kabisa. Chini pembeni: NIMEONA.

Krismasi ilikuwa Ijumaa. Ukoo wetu mzima tulikwenda kuona kazi ya ndugu yetu. Misa ikaenda vizuri mpaka matangazo. Hapo akasimama mwanamume wa upande ule, kijana wa makamo, ndiye huyu mzee Chacha aliyekaa hapo mbele, akanyoosha kidole.

"Huyo ng'ombe ni wetu!"

Kanisa zima likageuka. Baba yetu mdogo, ambaye sasa ni marehemu, akasimama upande wa pili.

"Wenu? Basi leo wezi tumewapata!"

"Unaniita mwizi mbele ya Mtoto Yesu?"

"Mtoto Yesu mwenyewe mmemlaza karibu na mali ya wizi!"

Mnacheka, na leo tunaweza kucheka. Siku ile haikuwa kicheko. Fimbo zilishikwa. Katekista alipiga kengele mpaka ikang'oka mpini. Watu wa mbali watashangaa ng'ombe wa rangi kuleta vita, lakini sisi wa hapa ng'ombe tunamjua kwa doa kama mtu kwa sura yake, na Chacha alimjua Nyange kwa haki, maana alikulia naye. Alimjua, akasema, basi. Na sisi tulimjua, tukasema. Hakuna aliyedanganya, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Familia zikaacha kuja kigangoni. Baraza la kigango likakaa, likaamua kwamba, kwa ajili ya amani, doa lifutwe. Ng'ombe abaki, ndege aondoke. Wakamwita marehemu. Angeweza kukataa, wengi tulimwambia akatae. Alikoroga nyekundu yake, akapanda ngazi, akamfunika ndege taratibu kuanzia mguuni kwenda mdomoni, akashuka, akaosha brashi. Mama Wegesa alimuuliza unajisikiaje. Akasema, "Sasa ni ng'ombe wa mtu yeyote."

Kwa miaka ishirini na sita yeye na Chacha hawakuamkiana. Wakikutana stendi ya Bunda, kila mmoja alisoma maandishi ya basi lililo karibu, na marehemu, kwa kuwa mengine aliyaandika mwenyewe, aliyajua kwa moyo.

Kisukari kiligundulika mwaka 2009. Alikifuata kwa dawa na kwa kula mlenda kuliko alivyopenda. Mwaka 2019 kikapanda machoni, akatibiwa, na mwaka 2022 mwanga ukamwisha. Tulidhani fundi wetu atavunjika moyo. Wegesa alikuwa amekwisha kuwa fundi kamili wakati huo, ndiye anayeshika kibanda, na kila asubuhi kabla hajaondoka baba yake alimuuliza, "Leo ziwa limeazima nini?" Binti alitakiwa kujibu kitu cha kweli. Akijibu ovyo anarudishwa ziwani. Kisha mzee anageuza uso mlangoni na kusema neno lake lilelile. Boniphace alimuuliza siku moja, "Baba, unasemaje nimeona na huoni?" Akamjibu, "Mwanangu, nimeona miaka sitini na saba. Unafikiri asante ya hapo imekwisha?"

Novemba mwaka jana figo zikachoka. Daktari alizungumza naye wazi, kwa heshima, na marehemu akamshukuru. Alipofika nyumbani alituita akasema hana deni na mtu wala kinyongo. Anataka jambo moja. Nyange arudishiwe ndege wake kabla yeye hajaondoka, maana asante aliyompa Mungu ukutani ameiacha nusu. Katekista wa sasa tulipomfuata alisema, "Mzee Silasi, mimi doa halinisumbui. Lakini lile doa lina kesi. Chacha akisema ndiyo, leteni ngazi hata leo."

Mwanzoni mwa Februari tulikwenda kwa Chacha, marehemu, Wegesa na mimi. Wengine walitukataza. Walisema Chacha ana maneno makali, mgonjwa asije akafia kwenye ua wa watu. Marehemu alivaa koti lake la Jumapili. Chacha alitukuta kwenye lango, hakufungua.

"Shikamoo mzee," Chacha akaniamkia mimi. Kisha akamwangalia Felisiani, akaangalia na fimbo yake ya kipofu. "Mmekuja na wazee kudai ng'ombe?"

"Hapana," marehemu akasema. "Nimekuja kuuliza alikufaje. Kwetu hatukuwahi kujua."

Chacha akamtazama upya. Akavuta komeo. Kisha lango likafunguka, na tukaletewa viti.

Alitueleza. Nyange aliletwa kwao mchana, kwa mahari ya dada yake mkubwa, watu wakaona na kushangilia. Alikotoka kabla ya hapo baba yake hakuambiwa. Chacha alizaliwa mwaka ule ule. Alinywa maziwa yake, na alipopata nguvu za mikono akawa ndiye anayemkamua. Ng'ombe alipozeeka mchuuzi wa nyama alikuja, mama yake Chacha akamfukuza na mwiko, akisema mnyama aliyenyonyesha nyumba haendi buchani. Nyange alikufa amelala, mwaka 1972, kwenye nyasi za Aprili. Felisiani alisikiliza, machozi yakimtoka bila aibu.

"Kwa hiyo hakuchinjwa."

"Nani amchinje? Mimi ningemchinja huyo mtu."

"Basi na wewe umelelewa naye."

"Nilivyosimama kanisani ulifikiri nilisimamia nyama?" Chacha akasema. "Nilimwona mama yangu wa pili ukutani, na hakuna aliyeniambia kwamba atakuwepo." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. Halafu, kwa sababu ni Chacha, akaongeza, "Na tena ulimkosea."

"Nilimkosea wapi?"

"Ndege wako alisimama mguu mmoja."

"Alikuwa na mguu mmoja!"

"Miwili, fundi. Wa pili uko chini huku, unapinda kuelekea kwenye kiwele. Huuoni mpaka uchuchumae. Wewe ulikuwa unakunywa. Mimi nilikuwa nakamua."

Ninyi mnaomjua Felisiani mnajua kicheko chake. Alicheka mpaka akakohoa, akampapasa Chacha bega, akasema, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa sijamwona wote." Na Chacha akasema lete ngazi.

Jumamosi, tarehe 22 Februari, kigango kilijaa kuliko Pasaka. Marehemu alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya ngazi. Wegesa alipanda. Rangi nyeupe ya kopo baba yake aliikataa kabla hajaisikia ikifunguliwa. Akasema ya jioni, mama, yenye jua, na Wegesa akakoroga huku akimweleza mpaka akaitika. Ndege akarudi, mdomo, shingo, mgongo, mguu wa kwanza. Kwa mguu wa pili Chacha alisimama kando ya ngazi akaelekeza kwa fimbo.

"Shuka kidogo. Kidogo tena. Pinda. Hapo hapo, binti, karibu na kiwele."

"Baba mdogo, kanisani," Wegesa akasema, na akina mama wakavunjika mbavu.

Ilibaki sahihi. Neno la zamani lilikuwepo chini pembeni, limechakaa. Wegesa akauliza, "Baba, nilikoleze lilivyo?"

Marehemu alifikiri. "Futa NI. Weka TU."

"Itaenea?" Chacha akauliza.

"Herufi mbili zinatoka, mbili zinaingia. Nafasi ile ile."

"Na jina langu hamliweki?"

"Wewe umo kwenye TU, bwana Chacha. Usisukume wenzako."

Kazi ilipokwisha walimshika, wakampandisha ngazi. Alimpapasa ng'ombe wake kuanzia pembe, polepole, mpaka kwenye mguu ule mpya, rangi ikiwa bado mbichi, na kidole kikaacha alama pale kwenye ukucha wa ndege. Wegesa akataka kurekebisha. Chacha akamwambia acha. Alama hiyo ipo. Mkitaka kuiona nendeni, barabara ni nzuri.

Baada ya siku hiyo hakuuliza tena habari ya dawa wala ya daktari, ingawa alimeza kila alichopewa. Alikuwa amepumzika. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, nyumbani kwake Buhare, alimwomba mama Wegesa afungue mlango wa mbele. Ni saa ile nyange wanapotoka ziwani kwenda malishoni.

"Wamepita?" akauliza.

"Ndiyo wanapita sasa, baba Wegesa. Wako chini kabisa leo, na jua limewashika mabawa."

"Nimeona," akasema. Mama alikwenda kumchukulia uji. Aliporudi alikuwa amekwenda. Waliomwosha walikuta rangi nyeupe bado imeganda pembeni mwa ukucha wa kidole chake cha kulia. Mmoja akaomba tapentaini. Mama Wegesa akasema rangi hiyo aende nayo.

Felisiani ameacha mjane, Dorkas, aliyetembea naye miaka arobaini na mitano; watoto watatu, Wegesa, Boniphace na Happyness; wakwe, wajukuu, na mimi kaka yake. Ameacha kuta nyingi kutoka Musoma hadi Bunda, na watu wengi ambao kwa sababu yake huangalia maziwa kabla ya kuyanywa. Na kwenye kikao cha mazishi, wakati wa kuandika karatasi hii mliyoshika, vijana waliuliza mzee Chacha aandikwe wapi, kwenye marafiki au kwenye majirani. Chacha alitazama chini. Mama Wegesa hakuinua hata kichwa, alikuwa anachambua mchele. Alisema, "Andika ndugu."

Kwa hiyo tunaandika: ameacha na ndugu yake, Chacha, wa maziwa ya Nyange.

Alichopewa kuona alikiona, akashukuru, akatuonyesha na sisi. Sasa apumzike, na Mungu amwonyeshe yaliyobaki.